Wasomaji Hawakubaliani Kuhusu The Day of the Jackal: Nimwamini Nani?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Chama chetu cha wasomaji kimenipa jukumu la kuongoza mjadala wa riwaya ya Frederick Forsyth iitwayo The Day of the Jackal. Nimeisoma hadi mwisho, kisha nikakusanya maoni ya wasomaji wengine ili nijiandae, na sasa nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuwa mwanzo. Mmoja anasema hajawahi kusoma riwaya ya kisiasa iliyosukwa vizuri kama hii. Wa pili anasema ni kama kusoma faili la polisi. Wa tatu anauliza kuna taharuki gani ilhali kila mtu anajua kwamba Rais de Gaulle wa Ufaransa hakuuawa. Wa nne amekasirishwa na namna wanawake walivyochorwa, na wa tano anaisifu kwa sababu, kwa maneno yake, kila kilichomo kilitokea kweli. Inakuwaje watu waliosoma kitabu kimoja wapishane hivi, na nimwamini nani?

Jibu: Marahaba. Nitatoa jibu kwanza, kisha sababu zake. Kati ya wasomaji wako watano, wanne wameona kitu ambacho kimo kitabuni. Wanachopishana ni kama walikuwa wakikihitaji. Aliyepotoka ni wa tano, ambaye ni miongoni mwa wanaoisifu riwaya, na nitamrudia baadaye kwa kuwa kosa lake linatufundisha mengi kuhusu ufundi wa Forsyth. Wewe umekwisha kufika ukurasa wa mwisho, kwa hiyo nitazungumza bila kuficha tamati. Wenzako ambao bado wanasoma usiwaonyeshe jibu hili.

Kwa faida ya mtu mwingine atakayelisoma, riwaya hii iliyotoka mwaka 1971 inasimulia jinsi viongozi wa OAS, jeshi la siri la Wafaransa waliopinga uhuru wa Algeria, wanavyomkodi muuaji Mwingereza mwaka 1963 amuue Charles de Gaulle kwa malipo ya dola 500,000, nusu yake ikitangulia. Jina halisi la muuaji huyo hatulijui hata mwishoni. Tunamjua kwa jina la kazi, Bweha, yaani Jackal. Sehemu ya kwanza ni maandalizi yake, ya pili ni msako wa polisi, na ya tatu ni siku yenyewe.

Lalamiko la msomaji wa tatu ni kongwe kuliko kitabu. Forsyth aliandika mswada wake mwanzoni mwa mwaka 1970, kwa muda wa siku kama 35, akiwa ametoka kuripoti vita vya Biafra nchini Nigeria na hana kazi wala fedha. Wakati huo de Gaulle alikuwa hai, amestaafu, na wachapishaji kadhaa waliupokea mswada wakaurudisha kwa hoja ile ile ya rafiki yako: nani atakaa roho mkononi kwa ajili ya mtu ambaye dunia nzima inajua hakupigwa risasi? Kitabu kilipotoka mwaka uliofuata, mzee alikuwa amekwisha kufariki, tarehe 9 Novemba 1970, nyumbani kwake Colombey-les-Deux-Églises, jioni, akiwa mezani na karata zake. Hata hivyo wasomaji walikigombania, na mwaka 1972 kikapewa nchini Marekani tuzo ya Edgar ya riwaya bora.

Wachapishaji wale walidhani kwamba taharuki hukaa katika swali la nini kitatokea. Forsyth aliiondoa hapo akaihamishia katika swali la wapi mambo yatakwama. Msomaji anajua kwamba mpango utaharibika, na kwa sababu anajua, kila kizuizi ambacho Bweha anakivuka humwongezea wasiwasi badala ya kumpunguzia: ikiwa hakunaswa mpakani, ikiwa bunduki imepita mbele ya maofisa wa forodha, ikiwa polisi wamefika kwenye nyumba aliyolala saa chache tu baada ya yeye kuondoka, basi ni kitu gani kilichobakia cha kumzuia? Mtoto anayeomba asimuliwe tena hadithi ya sungura na fisi anajua fika nani atacheka mwishoni, na bado hatikisiki mahali alipoketi.

Ukitaka wenzako walione jambo hili kwa macho yao, wasomee tukio la tikiti. Bweha amekwenda peke yake katika msitu wa Ardennes nchini Ubelgiji, na bunduki aliyotengenezewa na fundi wa Brussels, nyembamba kiasi kwamba ikifunguliwa vipande vyake vyote huingia ndani ya mirija michache ya chuma. Anatia tikiti lenye ukubwa wa kichwa cha mtu katika mfuko wa nyavu, analitundika mtini, anarudi nyuma kwa umbali aliokwisha kuupima, anapiga. Anakwenda kutazama tundu limeangukia wapi. Anarudi, anazungusha skrubu ya darubini kidogo tu, anapiga tena, anakwenda tena kutazama. Hakuna anayemfukuza, hakuna saa inayokaribia kugonga, na kwa kipimo cha kawaida cha riwaya za aina hii hakuna kinachotokea. Kisha anaweka risasi ya namna nyingine, iliyotobolewa ndani na kutiwa tone la zebaki, anapiga mara moja, na tikiti halipo tena. Msimulizi hana haja ya kutukumbusha kichwa kinachokusudiwa ni cha nani.

Sasa, msomaji wako wa pili atakwambia kwamba kurasa hizo ndizo hasa zilizomchosha, na hajasema uongo. Lugha ya Forsyth ni kavu. Alikuwa mwandishi wa shirika la habari la Reuters jijini Paris katika miaka ile ile ambayo watu walikuwa wakijaribu kumuua de Gaulle, na mkono wa mwandishi wa habari haujamtoka: anatupa saa, jina la mtaa, aina ya gari, cheo cha ofisa na idara anayotoka. Riwaya inafunguka saa 12 na dakika 40 za asubuhi ya baridi mwezi Machi, mtu akisubiri kupigwa risasi na kikosi cha askari, na baada ya hapo inatoa maelezo marefu kuhusu OAS, idara za usalama za Ufaransa na jinsi zilivyokuwa zikitegana, kabla ya Bweha kujitokeza. Katika kundi la wasomaji nililowahi kuliongoza, nilimwomba kila mmoja aweke alama mahali alipokifunga kitabu kwa mara ya kwanza akaenda kufanya shughuli nyingine. Alama nyingi ziliangukia humo, kabla ya muuaji kuajiriwa. Hata mimi ninayeipenda riwaya hii siwezi kuzitetea kurasa hizo zote. Ningekuwa mhariri wake, ningepunguza.

Lakini ukavu huo una kazi. Sauti isiyopandisha hisia hutufanya tuamini, na tukishaamini hatuombi tena kuthibitishiwa. Chukua suala la pasipoti. Bweha anatembea katika makaburi ya makanisa ya vijijini Uingereza hadi anapopata kaburi la mtoto aliyefariki akiwa na miaka miwili na ushei, ambaye kama angeishi angekuwa na umri unaokaribia wake. Anaomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto huyo, anajaza fomu, anatuma picha, na baada ya muda ni Alexander Duggan. Mwandishi anayetaka kutusisimua angeweka hapo mtumishi wa serikali mwenye mashaka, au jirani anayeuliza maswali. Forsyth hakuweka kitu, kwa sababu hofu iko katika wepesi wenyewe wa jambo. Mwanya huo ulikuwapo kweli: mwaka 1974 mbunge wa Uingereza, John Stonehouse, alipoacha nguo zake katika ufuo wa Miami ili adhaniwe amezama, alikuwa na pasipoti aliyoipata kwa jina la mtu aliyefariki.

Hapa kuna jambo ambalo wasomaji huwa hawalitaji wanapotoa maoni, nalo ni njia waliyoipitia kukifikia kitabu. Aliyetanguliwa na filamu ya Fred Zinnemann ya mwaka 1973 huja akiwa tayari amezoea mwendo wa pole na kimya kirefu. Aliyetanguliwa na tamthilia ya televisheni ya mwaka 2024, ambayo ilimhamishia muuaji katika zama zetu za kompyuta na simu za mkononi, huja akitafuta mtu mwenye familia, siri za moyoni na mapigano kila baada ya dakika chache, kisha anakutana na kamishna wa polisi Claude Lebel, kiongozi wa msako, mtu mfupi asiye na mvuto, anayeogopa mkewe, amelala kwenye kitanda cha kukunja ofisini, akiwapigia simu wakuu wa polisi wa nchi mbalimbali ili kuuliza kama wanamfahamu muuaji wa kukodiwa wa kiwango cha juu. Silaha kubwa ya Lebel ni karatasi: kadi ambazo wageni wa hoteli walilazimika kujaza kote Ufaransa, na ambazo polisi walizikusanya na kuzipekua. Msomaji aliyezaliwa baada ya intaneti anaweza kuona uchovu hapo. Mimi naona mbio, kwa kuwa kila kadi hufika ikiwa imechelewa kwa saa chache, na katika saa hizo chache Bweha amekwisha kubadili rangi ya nywele na jina.

Kuhusu wanawake sitachukua muda mrefu, kwa kuwa msomaji wa nne ana haki na hakuna la kumtetea mwandishi. Jacqueline, kijana wa kike aliyepandikizwa na OAS katika kitanda cha ofisa wa serikali ili anyonye siri za msako, amepewa huzuni ya kumtosha mhusika mkuu wa riwaya nzima, kisha anatumiwa kama waya wa simu. Yule mke wa baron mwenye kasri yupo ili Bweha apate mahali pa kujificha, halafu yupo ili auawe. Ongeza na mwanamume anayempokea Bweha nyumbani kwake jijini Paris, ambaye naye amechorwa kwa haraka ya mtu anayetaka kumaliza. Wapo watakaosema kwamba hizo ndizo zilikuwa desturi za riwaya za wakati ule. Labda, lakini Forsyth alijua kuchora mtu alipotaka, na ushahidi ni Kowalski.

Mkumbuke vizuri Viktor Kowalski, kwa kuwa katika maoni ya wasomaji huwa hatajwi, nami namwona kuwa moyo wa kitabu. Ni mlinzi wa kiongozi wa OAS, jitu la miraba minne lisilo na maneno mengi, na ana binti mdogo anayelelewa na watu wengine huko Marseille. Maofisa wa Ufaransa wanamtumia habari kwamba mtoto ni mgonjwa mahututi. Anatoroka Roma kwenda kumwona, kumbe ni mtego. Yanayompata baada ya hapo yanasimuliwa kwa sauti ile ile kavu, na safari hii ukavu unaumiza. Serikali tunayotakiwa kuitakia mema inamtesa mtu hadi kufa kwa kumshika mahali anapopenda, ilhali muuaji tunayetakiwa kumchukia hajamtesa mtu yeyote hadi hapo. Anayesema Forsyth alijali mashine tu na hakujali watu, muulize ilikuwaje akaiandika sura hiyo.

Kuna lawama nyingine ambayo sikuiona katika orodha yako, na ningependa uifikishe mezani wewe mwenyewe. Hadithi nzima inatokana na Algeria: vita vilivyoanza mwaka 1954, mapatano ya Evian ya kukomesha vita hivyo, Machi 1962, uhuru wa Julai mwaka huo, na hasira ya maofisa walioona kwamba de Gaulle waliyemsaidia kurudi madarakani mwaka 1958 amewasaliti. Forsyth anaieleza hasira hiyo kwa uangalifu mkubwa. Lakini Waalgeria, ambao nchi ni yao na waliokufa kwa malaki, karibu hawana sauti katika kurasa zote hizo. Algeria imekuwa kidonda cha Wafaransa, basi. Riwaya za kisiasa za kimataifa hufanya hivi mara nyingi: nchi moja hutoa sababu, nchi nyingine hutoa wahusika. Msomaji anaweza kuipenda riwaya na bado akaliona pengo hilo.

Namrudia sasa msomaji wa tano. Shambulio la Petit-Clamart la tarehe 22 Agosti 1962 lilitokea kweli: gari la rais aina ya Citroën DS lilimiminiwa risasi zaidi ya mia moja, matairi yakatobolewa, de Gaulle na mkewe Yvonne wakatoka bila jeraha. Luteni Kanali Jean-Marie Bastien-Thiry, aliyeliongoza shambulio hilo, alipigwa risasi kwa hukumu tarehe 11 Machi 1963, na kifo chake ndicho kinachofungua riwaya. Roger Frey alikuwa kweli waziri wa mambo ya ndani. Lakini Marc Rodin, anayemkodi Bweha, ni mtu wa kubuni. Lebel ni wa kubuni. Bweha ni wa kubuni, na msako wa kiangazi cha mwaka 1963 haukuwapo. Forsyth ameanza na kitambaa halisi, akashona chake pembeni kwa uzi wa rangi ile ile, halafu akakataa kubadili sauti anapovuka mshono. Ndiyo maana rafiki yako hakuuona. Ametoa sifa kubwa kabisa ambayo fundi wa namna hii anaweza kupewa, ila amempa historia badala ya kumpa fundi.

Wala si yeye peke yake. Mwaka 1975 waandishi wa habari jijini London walipohitaji jina la kumpachika Ilich Ramírez Sánchez, yule gaidi Mvenezuela aliyejulikana kama Carlos, walimwita Bweha kwa sababu nakala ya riwaya hii ilionekana katika nyumba yalimokuwa yamehifadhiwa mabegi yake. Baadaye ilielezwa kwamba nakala hiyo haikuwa yake. Jina halikubanduka.

Kwa hiyo umwamini nani? Unaposoma maoni, acha kwanza hukumu yenyewe, nyota ngapi au neno gani la sifa, utafute alichokitaja msomaji. Anayesema riwaya inachosha, kisha akataja skrubu, kadi za hoteli na idara za serikali, amekupa habari sahihi; kama wewe ni mtu wa skrubu, lawama yake ni mwaliko kwako. Anayesema inasisimua mno bila kutaja hata tukio moja hajakupa kitu, hata akiandika kurasa mbili. Yule wa kwanza katika orodha yako, anayesifu msuko, mwombe akutajie mahali pamoja ambapo msuko ulimshika. Akitaja tikiti, au kadi, au Kowalski, mwamini. Akikosa cha kutaja, ameazima sifa ya mtu mwingine, na kwa kitabu chenye jina kubwa kama hiki watu huazima sana.

Katika mjadala, nakushauri usianze kwa kuuliza nani ameipenda. Anza na mahali kila mtu alipokifunga kitabu kwa mara ya kwanza, kama nilivyofanya mimi, kwa maana hilo halibishaniwi na hata mwenye aibu atalijibu. Kisha nenda moja kwa moja kwenye tarehe 25 Agosti, siku ya kukumbuka kukombolewa kwa Paris kutoka kwa Wanazi, ambayo kwa kichekesho cha kalenda ni siku aliyozaliwa Forsyth mwenyewe. Bweha amesoma kila kilichoandikwa kuhusu de Gaulle, akagundua kwamba siku hiyo moja katika mwaka mzee hatajificha hata atishiwe vipi. Amevuka vizuizi vyote akiwa amevaa kama askari mzee mwenye mguu mmoja, bunduki ikiwa ndani ya gongo lake. Yuko dirishani juu ya uwanja ulio mbele ya stesheni ya Montparnasse, rais yumo katikati ya msalaba wa darubini, anamvisha askari mstaafu nishani, na Bweha anavuta kifyatulio. Wakati huohuo de Gaulle anainama kumbusu askari huyo mashavuni, kama Wafaransa wafanyavyo na kama Mwingereza asivyowazia, na risasi inapita nyuma ya kichwa chake.

Someni ukurasa huo kwa sauti, msimamie hapo kabla Lebel hajapanda ngazi, halafu umwombe kila mmoja aseme kwa haki ya Mungu kama alishusha pumzi au alisikitika kidogo.